Kabla hujamlipa fundi azime masasisho ya kompyuta yako

Leo viwavijeshi vamizi na mbolea ya kukuzia vitasubiri. Tangu msimu uanze, swali ninaloulizwa zaidi nikipita kwenye ofisi za vyama vya msingi na maduka ya pembejeo halihusu shamba kabisa. Ni hili: "Bwana shamba, hivi vijiujumbe vya apdeti kwenye kompyuta navitoaje?"

Stashahada yangu ni ya kilimo, si ya kompyuta. Lakini kazi yetu siku hizi nusu yake iko kwenye kioo, na nimekaa mbele ya mashine za vyama na za wauza pembejeo za kutosha kuwa na maoni. Nayasema mapema. Ujumbe mwingi unaokusumbua unastahili kuondolewa leo hii, na nitaeleza namna. Ninachokipinga ni ile dawa inayouzwa na mafundi wengi wa mjini kwetu: kuzima masasisho yote kuanzia mzizini kwa shilingi elfu tano, kisha mteja anakabidhiwa mashine na kuambiwa "sasa imetulia".

Kwanza tusiwadharau wanaolalamika. Mtu aliye kwenye ofisi yenye intaneti ya kulipiwa na umeme wa uhakika anaweza kusema "acha tu ijisasishe yenyewe". Meneja wa AMCOS kijijini anawasha hotspoti ya simu yake, kwa bando alilojiunga kwa hela yake mwenyewe, ili aingize taarifa za chama kwenye MUVU. Kabla hajamaliza kuandika nywila, kompyuta imeshaanza kuvuta masasisho kimyakimya. Sasisho la kila mwezi la Windows linaweza kufika mamia ya MB, na toleo kubwa la mwaka linafika GB kadhaa. Bando linaisha na taarifa haijaenda. Siku nyingine umeme umerudi saa kumi jioni, kikao cha bodi ni saa kumi na moja, unawasha mashine uchape ajenda, nayo inakuandikia usiizime, imefika asilimia 30. Mtu wa namna hiyo akimfuata fundi simshangai.

Na waliotufundisha kuuchukia ujumbe huu ni watengenezaji wenyewe. Wakumbuke wale waliokuwa na Windows 7 au 8.1 mwaka 2015. Kialama kidogo kilijitokeza pembeni mwa kioo kikimshawishi mwenye mashine achukue Windows 10 bure. Ofa ilianza tarehe 29 Julai 2015 na kuisha tarehe 29 Julai 2016. Mwanzoni kiliomba kwa adabu. Miezi ilivyokwenda kikawa king'ang'anizi, na kufikia Mei 2016 ukibofya ile X ya kufunga dirisha hukuwa umekataa kitu: ratiba ya kubadilishiwa mfumo ilibaki palepale. Duniani kote X maana yake ni "sitaki". Wao waliichukua kuwa "sawa, endelea".

Kule Jamhuri ya Afrika ya Kati, watu wa hifadhi ya Chinko wanaopambana na majangili walikuwa wanategemea intaneti ya setilaiti, ambayo kila MB yake ni ghali. Mwaka huo walilalamika hadharani kwamba laptopu zilijianzia zenyewe kuvuta Windows 10. Kule California, mwanamke mwenye biashara ya usafiri aliishtaki Microsoft baada ya mashine yake ya kazi kuharibika kwa mabadiliko ambayo hakuyaomba, na akalipwa dola 10,000 kampuni ilipoacha kukata rufaa. Mwishoni mwa 2016 mkuu wa masoko wa Microsoft, Chris Capossela, alikiri kwamba walivuka mpaka.

Hasara ya kampeni ile bado tunailipa. Watu wengi waliondoka na somo kwamba sasisho ni jina jingine la kulazimishwa, na wakazima kila kitu, pamoja na vile vilivyokuwa vinawalinda.

Tuangalie sasa kinachozimwa hasa fundi anapopitisha mkono wake. Kila Jumanne ya pili ya mwezi, saa mbili au saa tatu usiku kwa saa zetu kutegemea majira ya kule Marekani, Microsoft hutoa viraka vya kuziba matundu yaliyogunduliwa kwenye Windows. Ndiyo maana mashine yako mara nyingi huonekana nzito Jumatano asubuhi ya wiki ile. Watu hudhani kompyuta ambayo haikupata kiraka inabaki vilevile ilivyokuwa juzi. Haibaki. Siku kiraka kinapotoka, na wezi nao wanakichukua, wanakilinganisha na programu ya zamani, wanaona tundu lilikuwa wapi, kisha wanaanza kuwatafuta ambao hawajaziba. Aliyechelewa yuko hatarini zaidi baada ya kiraka kutoka kuliko kabla. Wafugaji wangu wa kuku wa kienyeji hulielewa jambo hili haraka nikiwatajia mdondo na chanjo yake ya kila miezi mitatu. Kuku wa jirani wakishaanza kufa, hakuna anayeniuliza tena chanjo ni ya nini.

Mfano mkubwa ni wa mwaka 2017. Tarehe 14 Machi Microsoft ilitoa kiraka cha tundu moja baya sana. Tarehe 12 Mei, miezi miwili baadaye, kirusi kilichoitwa WannaCry kikapita kwenye tundu hilohilo. Kilifunga mafaili ya watu na kudai fidia kuanzia dola 300 ili yafunguliwe. Kiliingia kwenye nchi zaidi ya 150, na huko Uingereza hospitali za umma ziliahirisha miadi na upasuaji wa wagonjwa. Kompyuta nyingi mno kati ya zilizopigwa zilikuwa za Windows 7 ambazo zingeweza kupata kiraka kile bure, ila hazikuwa zimekichukua.

Huko ni mbali, najua. Basi niseme la karibu, bila kutaja chama. Msimu mmoja wa ufuta niliitwa mahali ambapo mashine ya ofisi ilikuwa "imetulizwa" na fundi kama miaka mitatu nyuma. Alizima masasisho, na ili programu zake za kunakili zisikamatwe alizima pia antivirusi ya Windows yenyewe. Karani alipeleka flashi steshenari kuchapa orodha ya malipo, akarudi nayo, akaichomeka. Kesho yake mafolda yote yamekuwa njia za mkato, mengine hayafunguki, na jedwali la kilo za kila mkulima halionekani. Wakulima wako nje wanasubiri hela. Kilichowaokoa ni vitabu vya stakabadhi, kwa sababu mwenyekiti wao, mzee wa siku nyingi, alikataa katakata karatasi ziachwe. Waliingiza upya kilo za kila mtu kwa siku tisa, karani akisoma na meneja akibofya, huku maneno ya kuibiana yakianza kusambaa kijijini. Siku tisa zile na minong'ono ile hazikuandikwa kwenye risiti ya fundi.

Kwa hiyo tuondoe kelele, lakini kwa kuchambua. Ukiwa na ujumbe mbele yako, swali la kwanza ni hili: huu umetoka kwa nani? Kwenye kompyuta nyingi nilizozikagua, ule unaosumbua zaidi hautoki Windows hata kidogo.

Wa kwanza kufukuzwa ni ule wa tovuti. Ulifungua tovuti ya kupakua nyimbo au kuangalia mpira, ikauliza kama inaweza kukutumia arifa, ukabofya kukubali ili uendelee. Tangu siku hiyo pembeni mwa kioo kunatokea maonyo: kompyuta yako ina virusi 5, sasisha sasa, antivirusi yako imeisha. Angalia vizuri na utaona limeandikwa jina la tovuti kwa herufi ndogo, au alama ya Chrome. Hayo ni matangazo na mitego, usiyabofye hata kwa nia ya kuyafunga. Fungua Chrome, bofya vidoti vitatu juu kulia, ingia "Settings", kisha "Privacy and security", kisha "Site settings", kisha "Notifications". Hapo utakuta orodha ya tovuti ulizoziruhusu. Ondoa zote usizozijua, na uchague tovuti zisiweze kukuomba tena. Ni kazi ya dakika tatu, na kwa watu wengi malalamiko yao yote yanaishia hapo. Na ukiona popote ujumbe wa kukutaka usasishe Flash Player, huo ni uongo mtupu, kwa sababu Adobe waliacha kuihudumia Flash tarehe 31 Desemba 2020.

Wa pili ni ule wa programu zilizokuja na mashine. Laptopu nyingi huja na antivirusi ya majaribio, na muda wake ukiisha inakutishia kila unapowasha ili ulipie. Kama huna mpango wa kulipia, iondoe yote: "Settings", "Apps", itafute, bofya "Uninstall". Ikishaondoka, ile ya Windows iitwayo Defender inashika zamu yenyewe, bure, na kwa kazi zetu inatosha. Hapo nasisitiza kwamba hakikisha Defender imewaka kweli, maana ndiyo ambayo mafundi hupenda kuizima. Java pia ina kawaida ya kuomba kusasishwa. Kama hakuna mfumo wa ofisi unaoihitaji, iondoe, na ujumbe wake utaondoka nayo. Nyingine unaweza kuziacha lakini ukazizuia zisijiwashe: bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, tafuta sehemu ya "Startup", na uzizime zile usizozihitaji asubuhi.

Wa tatu ni matangazo ya Windows yenyewe, ya "tumalizie kuandaa kompyuta yako" na mapendekezo ya kununua nafasi ya kuhifadhi mafaili. Haya yako kwenye "Settings", "System", "Notifications". Shuka hadi chini utaona visanduku vya mapendekezo na vidokezo vimewekewa tiki. Ondoa tiki zote, hakuna utakachopoteza.

Sasa ndiyo tunafika kwenye masasisho ya kweli ya Windows, na hapa ndipo ninapotofautiana na fundi. Yeye anaizima huduma nzima. Cha kuchekesha ni kwamba mara nyingi haikai, kwa sababu Windows ina sehemu nyingine ya kuichunguza na kuiwasha tena, ndiyo maana wengine wamelipa elfu tano mara mbili. Kinachotufaa sisi ni kuiambia kompyuta kwamba intaneti yetu ni ya kupima. Unganisha na hotspoti yako, fungua "Settings", "Network & internet", "Wi-Fi", bofya jina la hotspoti au sifa zake, utafute "Metered connection" uiwashe. Kuanzia hapo Windows haitajivutia masasisho makubwa kwenye mtandao huo bila wewe kutaka, ingawa vitu vidogo vinaweza kupita. Kumbuka mpangilio huu ni wa mtandao mmoja mmoja. Ukitumia hotspoti ya mwenzako kesho, rudia.

Ukiwa hapohapo kwenye "Settings", ingia "Windows Update" na utafute "Delivery Optimization". Kuna kitufe cha kuruhusu kompyuta yako igawane na kompyuta nyingine vipande vya masasisho ilivyokwisha kupakua. Ni ukarimu mzuri kwa mwenye intaneti isiyo na kipimo. Wewe kizime. Kisha weka "Active hours", yaani saa zako za kazi, ambazo zinaweza kufika hadi 18, ili mashine isijizime na kuwaka upya katikati ya kikao. Na ukiwa na wiki ngumu, kama ya kufunga hesabu za msimu, "Pause updates" inakupa mapumziko ya hadi wiki tano. Baada ya hapo itakutaka usasishe kwanza kabla ya kupumzisha tena, na mimi naona hilo ni jambo la haki.

Ukishafanya hivyo, panga siku yako mwenyewe mara moja kwa mwezi. Iwe yoyote baada ya Jumanne ya pili. Kama mtandao wako wa simu una bando la usiku la bei nafuu, jiunge, chomeka chaji, zima alama ya "Metered connection" kwa usiku huo, bofya "Check for updates" na uiache ifanye kazi yake. Asubuhi rudisha alama. Kwa chama cha ushirika napendekeza gharama hiyo iingizwe kwenye bajeti ya ofisi kama vile wino na karatasi. Si haki mali ya wanachama 300 ilindwe kwa bando la mfukoni la meneja, na bodi zinazolalamikia gharama hii ndizo huwa hazilalamikii posho za kikao. Nimesema.

Kuna ujumbe mmoja ambao nao unaulizwa sana, ule unaosema kompyuta yako haikidhi vigezo vya Windows 11. Huu hauondoki kwa ufundi wowote, maana unasema kweli. Windows 11 inahitaji RAM isiyopungua GB 4, kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa upande wa Intel prosesa za kizazi cha 8 na kuendelea, isipokuwa chache. Laptopu nyingi za mtumba zinazouzwa kwetu ni za nyuma ya hapo. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Wanaojiandikisha wanaongezewa viraka vya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026, na ipo njia ya kujiandikisha bila kulipa kwa kuingia na akaunti ya Microsoft na kuruhusu mipangilio yako ihifadhiwe kwao. Wasiotaka mipangilio yao ihifadhiwe huko wanaweza kulipa dola 30, ingawa nao hujiandikisha kwa akaunti ya Microsoft. Kiungo chake kinatokea kwenye ukurasa wa "Windows Update", mradi uwe na toleo la 22H2. Ukikuta ujumbe huo, usiufunge, ubofye.

Sipendi hata kidogo kwamba mashine nzima inayofanya kazi inaambiwa imezeeka kwa uamuzi wa kampuni, na mkulima ndiye atakayelipia nyingine. Lakini kuchukia uamuzi huo hakuzibi tundu. Kwa mashine ambayo muda huo ukiisha haitakuwa na pa kwenda, na kazi yake ni kuandika barua, majedwali na kufungua mifumo kwenye kivinjari, Linux Mint ni ya bure na inakwenda vizuri hata kwenye laptopu za zamani. Nakili mafaili yako kwanza kwenye diski ya nje, na umtafute mtu anayeijua akuwekee.

Wale ambao mashine zao zilishapitia kwa fundi, angalieni leo. Fungua "Windows Update", kisha "Update history", usome tarehe iliyo juu kabisa. Ikiwa ni ya miezi mingi iliyopita, andika neno "services" kwenye sehemu ya kutafutia, fungua, tafuta mstari wa "Windows Update". Ukikuta umeandikwa "Disabled", ubofye mara mbili, uuweke "Manual", ukubali, uwashe mashine upya, kisha ujaribu "Check for updates". Ikigoma, irudishe kwa fundi yuleyule na umwombe arudishe alichokizima, na tarehe ile muisome wote wawili kabla hujaondoka dukani.